Maji Yaliyogoma Kutoka

Nguuu. Nguuu. Kisha kimya, kisha tena nguuu, kama ng'ombe aliyekwama matopeni na kuchoka kuita.

Niliisikia sauti hiyo tangu barabarani, kabla sijauona hata ukuta wa hoteli. Lori la kutoka Iringa lilikuwa limeniteremsha nje ya ua wa michongoma, vumbi limenijaa hadi kwenye kope, nimebeba begani roli mpya za mpira za kukamulia nguo, zilizofungwa kwa gunia. Mtu mwingine angedhani ni mnyama. Mimi nilijua. Ile ilikuwa mashine yangu ya kufulia, nayo ilikuwa inalia kwa sababu maji yamekataa kutoka.

Wewe uliyenifuata tangu mwanzo unajua nilivyofika hapo. Unajua nilivyofukuzwa mgodini Chunya kwa kumjibu msimamizi, nikamwacha kaka yangu Lutengano achimbe peke yake. Unajua nilivyolala njaa Iringa mpaka fundi Ahmadi akanionea huruma na kunifundisha mashine. Wewe unayenisoma leo kwa mara ya kwanza, shika hili tu: nilikuwa dobi katika hoteli ya wageni mjini Mbeya, Tusekile binti Yotamu alikuwa akifua pamoja nami, na mimi, Anyitike, sikuwa na ninachokitaka duniani zaidi ya kumwoa.

Nilipita mlango wa nyuma. Matano alikuwa ameketi kizingitini mwa jiko akimenya viazi. Matano ni mpishi, mtu wa pwani, na ulimi wake una pilipili kuliko mchuzi wake.

"Karibu, malenga," alisema bila kuinua kichwa. "Mgonjwa wako anakulilia. Tangu Jumatatu ana mimba ya maji, na hataki kuzaa."

"Nani kaiharibu?"

"Mimi ni wa sufuria, bwana. Ya sabuni siyajui." Kisha akashusha sauti. "Lakini memsabu mwenye hoteli anajua. Anasema ni Tusekile wako. Kesho wageni wa Nairobi wanaingia, mashuka yote yamelala kwenye maji. Mashine isipopona leo, binti anarudi kwao."

Nilitupa lile gunia chini.

Nisikilize vizuri hapa. Tusekile kurudi kwao Rungwe hakukuwa safari ya siku mbili ya kusalimia wazazi. Mzee Yotamu alimruhusu kukaa mjini kwa sababu tu ana kazi. Siku atakaporudi nyumbani amefukuzwa, ataozwa kwa mtu wa kwanza atakayefika na ng'ombe. Na wa kwanza huyo nisingekuwa mimi. Mimi sikuwa na hata mbuzi.

Memsabu alikuwa amesimama mlangoni mwa nyumba ya kufulia, mbwa wake miguuni.

"Wewe Anitiki. Mashine hapana toa maji. Tusekile haribu."

"Hakuharibu, memsabu."

"Wewe jua namna gani? Wewe kuwa Iringa."

"Mashine ni yangu. Ikiumwa, mniulize mimi."

Aliniangalia kama anavyoangalia nyama aliyoletewa mbichi. "Sawa. Mimi kunywa chai saa kumi. Kama maji bado, Tusekile enda kwao leo leo."

Akaondoka na mbwa wake.

Niliingia. Tusekile alikuwa ameinama, mikono ndani ya maji ya kijivu hadi kwenye viwiko, akijaribu kulikamua shuka kwa nguvu zake mwenyewe. Hakuinua uso. Nami sikumsalimu, maana macho yangu yalikuwa yamekwisha kufika mahali yalipozoea kufika kwanza, shingoni mwake.

Shingo ilikuwa tupu.

Nilikuwa nimemnunulia shanga. Ndogo kama ulezi, nyeupe na buluu, alizozitunga kwa mkono wake Bi Mwanakhamisi, mke wa fundi Ahmadi, na hakuna mwenye shanga kama zile Mbeya nzima. Tusekile alizipokea, akazivaa, na tangu siku ile hakuzivua hata akioga. Nimekwenda Iringa safari hii moja tu, nimerudi, amezivua.

Mtu mwenye akili angeuliza. Mimi nina kiburi. Nilivua koti na kuuliza habari za mashine.

"Umefanya nini mpaka sasa?"

"Nimeunyoosha mpira," alijibu. "Nikaushusha chini kabisa. Nikamwaga maji ya moto kwenye mfereji. Nimepuliza."

"Umepuliza ukiwa umeuchomoa, au ukiwa bado kwenye mashine?"

"Ukiwa kwenye mashine."

"Ndiyo maana hukujua kitu."

"Basi jua wewe," alisema.

Nilianza na ule mpira wa kutolea maji. Niliuchomoa, nikauelekeza nje, nikapuliza kwa mdomo. Pumzi ilipita moja kwa moja na kumwamsha kuku aliyelala upande wa pili. Mpira haukuwa na kosa. Niliuangalia mfereji, nikamwaga ndoo nzima ya maji, yakaenda. Mfereji haukuwa na kosa. Basi ugonjwa ulikuwa tumboni mwa mashine yenyewe.

Tulichota maji kwa ndoo, mimi na yeye. Chini ya pipa lile kuna chujio la bati lenye matundu. Nililifungua. Lilikuwa limeziba kwa nyuzi za mataulo, na katikati ya nyuzi kulikuwa na kifungo cha suruali.

"Huyu hapa mchawi," nilisema, nikakitia kifungo mfukoni. Nililisafisha chujio, tukajaza maji kidogo, nikawasha.

Nguuu.

Tone moja halikutoka.

Kichwa cha Matano kilikuwa dirishani. "Hebu itungie shairi, Anyitike. Pengine itaona haya, itoe."

"Rudi kwenye viazi vyako."

"Viazi vimeiva. Wewe ndiye mbichi. Saa tisa imekwisha kupita."

Nilizima umeme, tukachota maji tena. Sasa ilibaki pampu, na pampu iko chini kabisa, karibu na sakafu. Nililalia mgongo kwenye maji ya sabuni, Tusekile akaiinamisha mashine na kuishikilia kwa bega ili isinilalie. Fundi Ahmadi alikuwa amenieleza: ndani ya pampu mna panga dogo linalozunguka na kuyasukuma maji. Likishikwa na kitu, mashine italia mchana kutwa na maji yatakaa pale pale.

Nilifungua nati, nikashusha kifuniko, nikaingiza kidole.

Panga lilikuwa limefungwa na uzi, umejizungusha mara nyingi na kukaza. Niliuvuta. Ukaja, na pamoja nao zikanidondokea usoni punje ndogo ndogo, baridi.

Nyeupe na buluu.

Nilibaki nimelala pale. Juu yangu niliisikia pumzi ya Tusekile, aliyekuwa bado ameishikilia mashine. Ameona.

Basi amezivua, nikasema moyoni. Na hakuona hata haja ya kunirudishia mkononi. Amezitupa kwenye maji machafu pamoja na mashuka ya watu.

Viatu vya memsabu vikagonga sakafu ya kibarazani.

Nilifanya jambo la kwanza lililonijia. Nilizikusanya zile shanga, nikazitia zote mdomoni, nikatoka chini ya mashine mdomo umefungwa.

"Nini kuwa ndani?" memsabu aliuliza.

Niliingiza mkono mfukoni, nikamwonyesha kifungo cha suruali.

"Hii tu?"

Niliitikia kwa kichwa.

"Kwa nini wewe hapana sema?"

Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilikuwa na sababu ya kufunga mdomo, na Matano, Mungu amjalie, alinisemea kutoka dirishani. "Amechoka, memsabu. Ni vifungo hivyo. Wageni wetu wanakula sana chakula changu, suruali zinakataa."

Nilifunga kifuniko, nikakaza nati, nikawasha. Mashine ilikohoa mara moja. Kisha maji yakaruka kwenye mpira kwa nguvu hata ukanichomoka mkononi, yakapita mferejini yakichemka povu, yakatoka nje ya ukuta kama yaliyofunguliwa kizuizini.

Memsabu alitikisa kichwa. "Vizuri. Tusekile kaa."

Akaenda zake kwenye chai.

Nilimgeukia Tusekile, nikazitema shanga kiganjani. Mdomo wote ulikuwa uchungu wa sabuni.

"Sitaki maneno mengi," nilisema. "Niambie tu zimefikaje humo."

"Unadhani nilizitupa."

"Shingo yako tupu. Nidhani nini?"

"Na ndiyo maana umeingia humu bila hata kusema hujambo. Umenihukumu kwa shingo." Alichukua shuka, akaliweka chini, akalichukua tena. "Baba yako alikuja."

"Baba yangu? Lini?"

"Jumatatu. Alikuja kukutafuta, akapita mlango huu huu. Mimi nilikuwa nimeshika shuka kwenye roli. Nikaona kivuli chake."

"Halafu?"

Alitazama sakafu. "Nikajifunika. Nikajitupa nyuma ya mashine. Shanga zikanaswa kwenye mpini wa roli, uzi ukakatika, zikaingia majini. Niliogopa kumwambia memsabu. Na wewe ulikuwa mbali."

Sikusikia tena habari za shanga. "Ulijifunika," nilisema.

"Ningefanyaje?"

Msomaji wa pwani, au wa ziwani, ngoja nikueleze, maana bila hili hutaelewa. Kwetu Unyakyusa, msichana akishatolewa ng'ombe, baba wa mumewe anakuwa mwiko kwake. Hamtazami usoni. Hatamki jina lake. Akimwona njiani, anaingia majanini, anajifunika nguo mpaka mzee apite, naye mzee anageuza uso upande wa pili. Tumebatizwa, tunaimba tenzi, lakini hilo hatujaliacha. Mama zetu wanasema mwanamke anayelivunja hatazaa.

Kwa hiyo Tusekile kujificha mbele ya baba yangu kulikuwa na maana moja tu. Ng'ombe wametoka zizini kwetu. Wameingia zizini kwa Yotamu.

"Nani alikuambia?" niliuliza.

"Mama alinitumia habari. Alisema ng'ombe wamefika kutoka kwenu, kwa mzee mwenye kofia. Nikajua." Akaitupia macho ile mikono yangu iliyojaa grisi. "Nilidhani wewe ndiye uliyemtuma, na unanificha ili unishtue. Ulivyo na maringo."

Nami sikuwa nimemtuma mtu. Nilikuwa nimeimba tu.

Sikukuu ya Krismasi, nyumbani, ukoo wote umekaa, nilisimama nikawaimbia shairi langu. Kumwendea baba na kumwambia nipe ng'ombe nioe, hilo lilinishinda. Nilijiona mkubwa mno kuomba. Niliamini shairi litaomba kwa niaba yangu, na kwa heshima zaidi. Nalo hili hapa:

*Yu binti kilimani, Yotamu ndiye babake,*
*Akishukapo mtoni, hunyamaza maji yake,*
*Wenye macho tazameni, mzigo na mwendo wake,*
*Ni nani yule, ni nani, awaswage ng'ombe wake?*

Wanawake walipiga vigelegele siku ile. Baba aliitikia tu kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa ujumbe. Na sasa, tazama, ujumbe umefika. Nilimshika Tusekile mikono miwili, imekunjamana kwa maji, naye akacheka, akaificha sura yake begani kwangu. Mashine ilikuwa imekwisha kumaliza maji. Nyumba nzima ilinyamaza.

Ndipo Matano aliposema dirishani, safari hii bila mzaha: "Anyitike. Mzee wako anakuja hapa."

Tusekile alikwisha kuvuta khanga kichwani kabla neno halijaisha. Nyumba ile ina mlango mmoja. Akajikunja nyuma ya mashine, pale pale alipojikunja Jumatatu. Nilimwekea shanga zake kiganjani, nikatoka nje na kuuvuta mlango.

Baba aliketi kwenye jiwe lililo karibu na mfereji, povu letu likipita mbele ya miguu yake. Alikuwa amezeeka tangu Krismasi. Nilichuchumaa, nikamwamkia kwa lugha ya kwetu.

"Ugonile, tata."

"Ndaga, mwanangu. Umekonda."

"Ni safari tu. Nimetoka Iringa leo."

"Waliniambia. Nikasema sirudi nyumbani bila kukuona, nikakaa kwa shemeji zetu, mtaa wa Mwanjelwa." Alivua kofia akaipangusa. "Siku ile nilimwogofya mtoto wa watu. Sikujua kama kazi yake ni humu. Nilisikia tu vitu vinaanguka, nikageuka, nikakimbia. Mzee kama mimi, mbio mbele ya wapishi."

Tulicheka wote wawili. Nakumbuka kwamba tulicheka.

"Kwa hiyo ng'ombe wametoka," nilisema.

"Wametoka. Wote walioingia kwa mahari ya dada yako Damari, na yule dume mwenye pembe iliyovunjika juu yao. Yotamu alitaka kuninyanyasa, lakini dume yule alimfunga mdomo."

"Tata, sijui nikushukuru kwa maneno gani."

"Unishukuru mimi? Wewe ndiye wa kushukuriwa. Bila wewe tungemjuaje binti huyu? Lutengano mwenyewe anasema hivyo hivyo."

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Lutengano?"

"Ameacha mgodi. Hukupata habari? Atafika nyumbani wiki hii." Baba aliigeuza kofia mikononi. "Kifua chake kimeharibika, Anyitike. Vumbi la mawe. Akikohoa anashika ukuta. Nilimfuata Chunya mwenyewe, nikamkuta amekaa nje ya kibanda, peke yake, amekuwa mwembamba kama mimi. Akaniambia, tata, nikifa hivi bila nyumba, nani atajua kwamba nilipita duniani? Nikamwambia, usiseme hivyo, mdogo wako amekwisha kukutafutia mke."

"Mimi?"

"Nikamwimbia shairi lako. Nimelishika lote, si unajua nimezeeka lakini kichwa bado kipo. Nikafika pale, ni nani yule, ni nani. Akacheka. Mwanangu, sikuwa nimemwona akicheka tangu mlipokuwa mnachunga pamoja."

Mlango wa nyumba ya kufulia ulikuwa nyuma yangu. Sikuthubutu kugeuka.

"Tata," nilisema, "ulijuaje kwamba shairi lile ni la Lutengano?"

Alinishangaa kwa moyo mweupe kabisa. "Sasa lingekuwa la nani? Uliuliza mbele ya ukoo, ni nani atakayeswaga ng'ombe. Mdogo atauliza hivyo kwa ajili ya nani, wakati mkubwa wake hajaoa? Nikasema, huyu mtoto wanamwita mkorofi bure. Amekaa mjini lakini heshima anaijua. Anamsemea kaka yake, na anamsemea kwa adabu, bila kumtaja."

Mimi niliyemjibu msimamizi wa mgodi mbele ya watu mia, mimi niliyewashinda kwa beti walimu wa Iringa, sikupata neno. Ladha ya sabuni ilikuwa bado mdomoni. Kwetu mdogo hamtangulii mkubwa. Nilikuwa nalijua hilo tangu sijaota meno ya pili. Nililijua siku ya Krismasi, na bado nilisimama nikaimba, nikiamini maneno yangu ni mazuri mno kueleweka vibaya.

Ndani, ndoo ilianguka.

Baba aliinuka mara moja, akaishusha kofia hadi kwenye pua na kuugeukia ua. "Yumo humo? Mbona hukuniambia? Twende kule."

Miguu yangu haikuondoka.

"Basi nimalize hapa hapa, nijiendee," baba aliuambia ua wa michongoma. "Lori la Tukuyu linaondoka kesho. Umlete wewe, Anyitike. Umwombee ruhusa kwa mzungu wenu, umfikishe nyumbani salama. Na siku ya harusi tutakuomba uimbe lile shairi. Ila ulimalizie. Pale penye swali, utie jina la kaka yako."

Alisubiri jibu. Nami nilimwona Lutengano ameketi nje ya kibanda, Chunya, vumbi miguuni, akicheka kwa sababu ya beti zangu. Nilimwona yeye, na nilimsikia Tusekile anavyopumua nyuma ya ubao wa mlango, na nikawa kama ile mashine. Ninanguruma ndani, hakuna kitu kinachotoka.

"Anyitike," baba alisema kwa upole. "Utamleta?"

Mlango ulifunguka.

Tusekile alitoka. Khanga haikuwa kichwani. Alikuwa ameifunga kiunoni, kama mtu anayekwenda shambani.

"Rudi ndani, mama," baba aliuambia ua. "Anyitike, mwambie arudi."

"Mzee, nitazame," alisema Tusekile.

"Mwambie hajui anachokifanya."

"Anajua, tata," nilisema. Hilo ndilo neno pekee nililolipata siku ile, na nililisema kwa sauti ndogo.

Tusekile aliuzunguka mfereji, akasimama mbele ya baba. Baba akageukia upande mwingine. Akamfuata huko. Baba akageuka tena, na huko kulikuwa na ukuta, na kofia ikaugonga, ikaanguka kwenye povu. Hakuna aliyeiokota. Wakatazamana, mzee na binti, jua limewamulika wote wawili.

Matano dirishani hakuelewa anachokiona. Mimi nilielewa, ndugu msomaji, na ndiyo maana nimekueleza mapema. Binti aliyemtazama mzee yule machoni kwa kusudi hawezi tena kuwa mke wa Lutengano. Lakini baba huyo ni mmoja. Lutengano ni mwanawe, na mimi ni mwanawe. Mlango alioufunga Tusekile mbele ya kaka yangu ndio mlango wangu pia. Labda wazee watachinja mnyama kuusafisha mwiko huo, labda hawatakubali. Yeye alilijua hilo alipoifunga khanga kiunoni. Aliufunga mlango kwa sababu mimi nilikaa kimya.

Alifungua kiganja. Shanga zilikuwa humo, nyeupe na buluu, bado zina maji.

"Nilipewa na mwanao huyu," alisema. "Nilipojificha Jumatatu, nilijificha kwa ajili yake. Nilidhani ng'ombe ni wake. Yeye ana maneno ya kuimba tu, mzee. Ya kusema hana."

Baba alifumba macho. Machozi yalimtoka kwenye kope zilizofumbwa, nami sikuwahi kuyaona machozi yake kabla ya siku ile.

"Lutengano ataambiwa nini?" aliuliza.

"Aambiwe sikumkimbia yeye wala kifua chake." Sauti ya Tusekile ilivunjika, akaisubiri mpaka ikarudi. "Na ng'ombe wako watarudi, mzee. Baba yangu akikataa, nitalifungua zizi mwenyewe. Nitawaswaga kwa mkono wangu, na yule dume mbele, mpaka mlangoni kwako, mbele ya macho ya Lutengano. Naahidi, na huyu mtunga mashairi awe shahidi."